Linda Kiuno Chako Mlimani: Mbinu za Kulima Uluguru Bila Kuumia

Mkulima wa milima ya Uluguru hana shamba tambarare. Kuanzia Kinole na Tawa upande wa mashariki hadi Mgeta upande wa magharibi, shamba linapanda, njia inapanda, na mavuno yanateremshwa kichwani au begani hadi barabarani. Trekta haifiki huko. Plau ya ng'ombe nayo haina pa kugeukia. Mananasi, ndizi, karoti, kabichi na njegere zinazojaa Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro zimetokana na jembe, panga na nguvu za mtu.

Basi mtu huyo akiumia kiuno, nyumba nzima imeumia. Palizi inachelewa, mzigo unabaki shambani, ada ya shule inakosekana. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Wengi wa wakulima wetu huyachukulia kuwa ni umri au ni kazi tu, wakafunga kanga kiunoni na kuendelea. Makala hii inataka kuwaambia kwamba sehemu kubwa ya maumivu hayo inazuilika, tena kwa mbinu ambazo hazidai fedha nyingi. Jambo la msingi ni moja: punguza kuinama. Na mlimani, ukiujua mteremko wako, wenyewe utakusaidia kuinama kidogo.

Kinachoumia ni nini?

Mgongo wa chini una pingili 5 kubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kifuko kigumu chenye ute ndani, kinachopokea uzito wa mwili na kuuwezesha mgongo kupinda. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo lililomo ndani ya diski za watu walio hai. Aligundua kwamba mtu akiinama mbele, shinikizo linapanda hadi karibu mara moja na nusu ya lile la kusimama wima. Akiinama huku ameshika uzito mkononi, linazidi mara mbili.

Kuinama mara moja hakuvunji kitu. Hatari iko katika kuinama kwa saa nyingi bila kubadilisha mkao, maana misuli inachoka, na uzito unahamia kwenye diski na kano. Hatari ya pili ni kujipinda ukiwa na mzigo: miguu inatazama huku, mabega yanatazama kule. Wengi wanaosema "kiuno kimekatika" walikuwa katika mkao huo.

Jambo jingine la kujua: usiku tukilala, diski hufyonza maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo asubuhi mgongo ni mgumu na rahisi kuumia. Usitoke kitandani ukaenda moja kwa moja kuinama kwenye tuta au kunyanyua ndoo ya maji iliyojaa. Kwa anayekwea mlima kwenda shambani, mwendo huo unatosha kuupasha mwili joto. Kwa mwenye bustani nyuma ya nyumba, anza na kazi za kusimama: fagia, kagua miche, noa jembe. Kazi ya kuinama ianze nusu saa baadaye.

Anza na mpini

Mwaka 1975 jimbo la California nchini Marekani lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani. Vibarua waliokuwa wakipalilia letusi na viazisukari kwa jembe hilo walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba linawapinda migongo wangali vijana, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikawasikiliza. Sisi hatuhitaji amri ya mahakama. Mpini tunauchonga wenyewe.

Simamisha jembe lako chini, mpini ukielekea juu, karibu na mguu wako. Mpini wa jembe la kulimia upite kitovu. Mpini wa jembe la palizi ufike kifuani, kwa sababu palizi haihitaji nguvu ya kupiga, inahitaji kuvuta tu. Mpini usiwe wa urefu mmoja kwa watu wote wa nyumbani. Baba mrefu na binti wa miaka 15 wakipokezana jembe moja, mmoja wao lazima ataumia.

Mpini mrefu ukiwekwa kwenye jembe zito unachosha mikono, hasa kwenye mteremko. Kwa hiyo jembe lililolika, lile ambalo watu hulitupa pembeni, lipe mpini mrefu liwe la palizi. Ni jepesi na linapita vizuri kati ya mistari.

Noa. Jembe butu linakulazimisha kupiga mara mbili mahali ambapo pigo moja lingetosha, na kila pigo linapita kiunoni. Tembea na tupa, unoe kabla ya kuanza na tena ukipumzika. Lainisha mpini kwa kipande cha chupa, utoe vijiti na vifundo, ili mkono usilazimike kukaba. Kagua kabari kila siku. Jembe linalochezacheza lichovye majini usiku ili mti uvimbe, au lipigie kabari mpya. Jembe likichomoka hewani kwenye mteremko, aliye chini yako yumo hatarini.

Mteremko uwe meza yako

Mkulima wa mlimani hulima akitazama juu. Udongo ulio mbele yake uko karibu na mikono, hivyo hainami sana. Kiuno kinapata nafuu, lakini shamba linaumia: kila pigo linauvuta udongo kwenda chini, na baada ya miaka kadhaa sehemu ya juu inabaki kokoto. Akigeuka kutazama chini, udongo unabaki, lakini inambidi ainame hadi kichwa kifikie magoti.

Suluhisho ni ngazi. Ukiwa na shamba la ngazi, unasimama kwenye ngazi ya chini na kuhudumia mazao yaliyo kwenye ngazi ya juu, ambayo yako usawa wa goti au paja lako. Mtazame mama wa Mgeta anayepalilia karoti. Karoti changa haipaliliwi kwa jembe, maana jembe litaing'oa. Inataka vidole, gugu moja baada ya jingine, asubuhi nzima. Akisimama juu ya ngazi ileile yenye karoti, mgongo wake utakuwa umekunjika mpaka jua litakapokuwa la utosi. Lakini akiteremka ngazi moja, akaegemeza paja kwenye ukingo na kuweka mkono mmoja juu yake kama tegemeo, mkono wa pili unafanya kazi na kiuno kimenyooka. Karoti ni zilezile, palizi ni ileile.

Ngazi zina historia chungu huku. Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba ngazi kwa amri na faini. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo mfu wa chini uliishia juu, mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 hasira zikalipuka kule Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Hata hivyo, Mgeta, ambako watu walikuwa wakilima mboga za kuuza, ngazi zilibaki na bado zinatumika. Funzo la pale ni kwamba ngazi inamfaa mkulima anapoijenga kwa kasi yake na kwa faida yake.

Kwa hiyo usichimbe ngazi za shamba zima msimu mmoja. Chagua njia nyepesi. Panda mistari ya majani ya tembo au vetiva kukingama mteremko. Udongo unaoteremka unakwama hapo, na baada ya misimu kadhaa ngazi inaanza kujiunda yenyewe. Au tumia ngazi za majani zilizozoeleka Mgeta: majani na mabaki ya mazao yanalazwa kwa mistari kukingama mlima, kisha yanafukiwa kwa udongo wa juu yake. Ukichimba mtaro, kumbuka kwamba fanya juu inataka urushe udongo kwenda juu, na ni kazi kubwa kwa kiuno, ingawa inajenga ngazi haraka. Fanya chini inarusha udongo kwenda chini na ni nyepesi zaidi. Vyovyote iwavyo, chimba udongo ukiwa umelowa baada ya mvua za kwanza za vuli. Usipambane na ardhi kavu ya Septemba. Na udongo mweusi wa juu utenge pembeni, uurudishe mwisho.

Palizi: gawa ngwe, badili mkao

Mazoea yetu ni kupimiana ngwe na kuimaliza bila kunyanyua kichwa. Heshima ya mkulima iko hapo, na kiuno kinaharibikia hapohapo. Gawa ngwe yako vipande vidogo, na kila kipande kiwe na mkao wake. Kipande cha kwanza palilia umesimama kwa jembe la mpini mrefu. Cha pili piga goti moja juu ya gunia lililokunjwa. Cha tatu kaa kwenye kigoda. Halafu rudi mwanzo. Usichuchumae saa nzima ili kuokoa kiuno, maana magoti nayo yanadai.

Kila dakika 20 hivi, simama. Panua miguu, weka viganja nyuma ya kiuno, kisha jinyooshe kwa nyuma taratibu mara 5. Zoezi hili linaurudisha mgongo upande wa pili wa kule ulikokuwa umeinamia, na halichukui hata dakika moja. Kunywa maji papo hapo. Mkulima anayefanya hivi haachwi nyuma, kwa sababu saa nne bado ana nguvu wakati wenzake wanashika viuno.

Ukiwa na jembe au kwanja mkononi, badilisha mkono unaotangulia. Wengi hulima maisha yote mkono wa kulia ukiwa mbele, na upande mmoja wa mgongo ndio unaobeba yote. Mwanzoni utajiona mzito, ila baada ya wiki mbili tatu mwili unazoea. Unapofyeka kwa kwanja, sogeza miguu kufuata pigo. Usibaki umesimama mahali pamoja ukizungusha kiuno.

Palizi bora kuliko zote ni ile isiyofanyika. Tandaza majani makavu, mabua ya mahindi na magome ya migomba kati ya mistari. Matandazo yanazuia magugu, yanatunza unyevu na yanalainisha udongo. Mjini Morogoro kuna shirika la Sustainable Agriculture Tanzania ambalo limekuwa likiwafundisha wakulima wa Uluguru kilimo hai, na matandazo ni sehemu ya mafunzo hayo. Ukiweka matandazo vizuri, unaweza kupunguza palizi ya mboga, na kila palizi unayopunguza ni saa ambazo hukuinama.

Mama anayelima na mtoto mgongoni anabeba kilo 8 hadi 10 za ziada katika kila kuinama. Nyumba ipange: kuwe na bibi, shangazi au dada mkubwa wa kukaa na mtoto kivulini wakati wa kazi ya jembe. Mama mjamzito naye apumzishwe mizigo na kuinama kwa muda mrefu, kwa sababu kano za kiuno hulegea wakati wa ujauzito. Wanaume wa nyumba wanaweza kubeba jukumu hili bila kusubiri kuombwa.

Mzigo: kutwika na kutua

Kiuno huumia zaidi wakati wa kujitwika mzigo na kuutua kuliko wakati wa kutembea nao. Tenga la ndizi likiwa kichwani juu ya ngata nzuri, uzito unashuka wima kupitia mgongo ulionyooka. Lakini kulitoa chini hadi kichwani peke yako kunakulazimisha kuinama, kujipinda na kusukuma kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo usijitwike. Desturi yetu ipo tayari: anayepita njiani akiombwa, "Shangazi, shikamoo, naomba unitwike," hakatai. Anayefika barazani akisema, "Nitue, mdogo wangu," hupokewa mzigo kabla hajasalimiwa vizuri. Ishike desturi hiyo. Ukiwa peke yako, tumia ukingo wa ngazi au jiwe kubwa. Pandisha mzigo hapo kidogo kidogo, simama chini yake, piga goti, uingize kichwa, kisha nyanyuka kwa nguvu ya mapaja.

Kunyanyua kutoka chini kuna kanuni chache:

Sogelea mzigo mpaka ukuguse. Mzigo ulio mbali na mwili unalemea kiuno mara kadhaa zaidi ya uzito wake.

Panua miguu, piga magoti, kaza tumbo, ukumbatie mzigo, kisha nyanyuka kwa miguu.

Ukitaka kugeuka, geuza nyayo kwanza. Kiuno kifuate.

Mzigo unaokutia shaka, ugawe. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo unaobebwa na mwanamume mzima kwa mikono. Mwanamke na kijana wabebe pungufu ya hapo kwa mbali. Sasa ulifikirie gunia la viazi au karoti lililojazwa lumbesa, likashonewa kofia juu. Sheria yetu ya vipimo inakataza lumbesa kwa sababu inampunja mkulima. Lakini lumbesa inampunja pia anayeibeba, na anacholipa ni afya yake. Wauzaji na wanunuzi wa Mgeta mkikubaliana kutumia viroba vya kilo 50, mmeokoa viuno vya wachukuzi wengi.

Kuteremka ni hatari kuliko kupanda, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei. Usivae kandambili kwenye tope. Vaa buti au raba yenye meno, shika fimbo, na piga hatua fupi. Chonga vipandio mahali palipo wima kwenye njia ya shamba lako. Siku moja ya kuchonga vipandio inazuia kuteleza kwa msimu mzima.

Maji na bomba la dawa

Lita moja ya maji ina kilo moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na bomba la mgongoni la lita 16 likijaa linakaribia kilo hizohizo ukiongeza uzito wa bomba lenyewe. Jaza nusu, urudi mara mbili. Bomba livae kutoka kwenye ukingo ulio usawa wa kiuno. Usilinyanyue kutoka chini na kulirusha mgongoni. Rekebisha mikanda iwe sawa pande zote mbili, na uhakikishe kifuniko hakivuji, maana dawa inayomwagika mgongoni hupenya kwenye ngozi.

Kwa umwagiliaji, mlima unakupa zawadi: maji yanateremka yenyewe. Mfereji au mpira kutoka chanzo kilicho juu unakuondolea ndoo kabisa. Changieni mpira majirani kadhaa, mpangiane zamu. Pale ambapo keni ya kumwagilia haiepukiki, beba mbili ndogo, moja kila mkono, ili uti wa mgongo usilale upande.

Bustani za mjini

Mwenye bustani Kihonda, Mazimbu au Bigwa anaweza kuepuka kuinama karibu kabisa. Panda mchicha, sukumawiki na vitunguu kwenye viroba vilivyojazwa udongo na samadi, vikiwa na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji. Kitalu cha miche kiweke juu ya kichanja cha mianzi chenye urefu wa kiuno. Hii ni njia nzuri hasa kwa wazee na kwa yeyote aliyewahi kuumia mgongo.

Kiuno kikiuma

Maumivu ya kawaida ya misuli hupungua ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Usilale kitandani mchana kutwa, kwa sababu kulala sana kunadhoofisha misuli. Tembea polepole, fanya kazi nyepesi, weka kitambaa cha maji ya moto. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya. Kukanyagwa mgongoni usikubali kamwe. Dawa kali za maumivu kama diklofenaki zisiwe za kununua dukani na kumeza kila siku, kwani zinaweza kudhuru tumbo na figo, na ni hatari zaidi kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au mimba. Maumivu yakizidi wiki 6, nenda hospitali, uulizie pia huduma ya fiziotherapia.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri, ukiona mojawapo ya haya: mguu kukosa nguvu, ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka. Mishipa ya fahamu inabanwa, na kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu. Vilevile wahi kama umeanguka kutoka mtini au kwenye korongo. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho kinatibika kikigunduliwa mapema. Na jeraha lolote la panga au jembe lililoingia udongo lisafishwe kwa maji na sabuni, kisha uulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ndugu mkulima, kesho kabla ya kwenda shambani fanya mambo matatu: pima mpini wako, noa jembe lako, na mwambie mwenzako kwamba mzigo mtatwikana. Wiki hii chagua mstari mmoja wa shamba, upande majani ya kuzuia udongo. Jembe likivunjika utanunua jingine Kinole au mjini. Mgongo haununuliwi.